Mshauri wa Mfumo wa Udhibiti: Tathmini ya Huduma ya Kujitolea Katika Mashindano ya Roboti ya Wanafunzi

Huduma ninayoitathmini hapa haiuzwi. Hutolewa na mtu mmoja wa kujitolea ambaye kwa misimu mingi amekuwa mshauri wa mfumo wa udhibiti, yaani mtu anayezisaidia timu kutafuta hitilafu za umeme, mawasiliano na programu za roboti zao, katika mashindano ya FIRST Robotics Competition, na wateja wake ni sisi walezi wa timu pamoja na wanafunzi wetu. Jina lake sitalitaja, kwa sababu mwenyewe hapendi kutajwa. Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwa muda mrefu onyo hilo limenizuia kuandika. Hata hivyo, tathmini za vifaa vya mashindano haya, kuanzia mota hadi kamera, zimejaa kila mahali, ilhali huduma inayoamua kama vifaa hivyo vitafanya kazi uwanjani haijapata mtu wa kuipima. Naona inafaa ipimwe, sifa zake na kasoro zake, kama inavyopimwa huduma nyingine yoyote.

Kwa msomaji asiyeyajua mashindano haya, shirika la FIRST lilianzishwa na mvumbuzi Dean Kamen mwaka 1989 nchini Marekani, na mashindano ya kwanza yakafanyika mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule moja huko New Hampshire, yakishirikisha timu 28. Leo timu ni zaidi ya 3,000 kutoka nchi mbalimbali. Kila timu ya wanafunzi wa sekondari huunda roboti ambayo uzito wake unaweza kuzidi kilo 50 ikiwa na betri na bampa zake, na katika kila mechi roboti tatu za muungano mwekundu hukabiliana na tatu za muungano wa bluu. Watu wanaoendesha shughuli siku ya mashindano, isipokuwa wachache sana, ni wa kujitolea: waamuzi wenye fulana za milia, wakaguzi wa roboti, majaji, watunza alama, wapanga foleni, na wale wanaorudisha vifaa vya mchezo mahali pake baada ya kila mechi. Karibu kila mmoja wao ana kazi inayoonekana. Mshauri wa mfumo wa udhibiti huonekana pale tu jambo linapoharibika, na jambo lisipoharibika hakuna anayejua kwamba alikuwepo.

Mambo hayo yanayoharibika si machache, na thamani ya huduma hii haieleweki bila kuyafahamu. Kwa misimu mingi, hadi ule wa 2025, mechi moja ilikuwa ya dakika 2 na sekunde 30: sekunde 15 za mwanzo roboti ilijiendesha yenyewe kwa programu iliyoandikwa na wanafunzi, kisha muda uliobaki wanafunzi waliiendesha kwa vidhibiti wakiwa nyuma ya kioo. Amri zao hutoka kwenye kompyuta, hupitia mtandao wa uwanja, hufika kwenye redio iliyo juu ya roboti, kisha huingia kwenye roboRIO, kompyuta ndogo ambayo imekuwa ubongo wa roboti hizi tangu msimu wa 2015. Mnyororo huo ukikatika mahali popote, roboti husimama. Redio ikipoteza umeme kwa kufumba na kufumbua, huchukua muda mrefu kuwaka tena na kuunganika, na muda huo wote hukatwa kwenye mechi, kwa kuwa saa ya uwanja haimsubiri mtu. Umeme wa betri ya volti 12 ukishuka hadi karibu na volti 7 kwa sababu mota nyingi zimevuta kwa pamoja, roboRIO huzikatia mota umeme ili ijiokoe yenyewe, na mtazamaji jukwaani huona roboti inayotetemeka na kusitasita kama iliyopigwa na baridi. Kwa anayetazama kutoka mbali, hitilafu hizi mbili zinafanana, na mwanafunzi aliyetoka uwanjani huzieleza kwa sentensi ileile: roboti ilikufa.

Ubora wa mshauri huyu huanzia hapo, yaani kwenye kuikataa sentensi hiyo. Mwanafunzi akimwambia, "Mwalimu, roboti yetu imekufa," yeye hujibu kwa utulivu, "Imekufaje? Taa ya redio ilikuwa na rangi gani? Mota zilizima zote au upande mmoja? Ilirudi yenyewe au mliizima mkaiwasha?" Kisha huomba kompyuta ya timu na kufungua kumbukumbu za mechi. Programu ya kuendeshea roboti huhifadhi, kwa kila mechi, mchoro wa volti za betri, ucheleweshaji wa mawasiliano na pakiti za taarifa zilizopotea njiani, na wanafunzi wengi hawajui kwamba mchoro huo upo. Huwaketisha mbele yake, akawauliza mstari wa volti ulikuwa wapi kabla roboti haijasimama. Ukiwa umeporomoka, tatizo ni la umeme. Ukiwa umenyooka huku mawasiliano yakikatika ghafla, macho yanahamia kwenye redio na waya zake. Uchunguzi huo wa dakika chache huziondoa dhana zaidi ya nusu ambazo timu ingezifukuzia mchana kutwa.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kwamba haigusi roboti. Mikono yake huwa nyuma ya mgongo au imeshika tochi. Akishuku kwamba boliti inayobana waya kwenye betri imelegea, hitilafu ambayo ni ya kawaida mno na ambayo timu kubwa na ndogo huingia ndani yake, humwambia mwanafunzi ashike waya huo autikise, kisha hunyamaza. Mwanafunzi akiusikia ukicheza vidoleni mwake, hana haja ya kuelezwa zaidi. Walezi wengi, nami nikiwa mmoja wao, tungekwisha kunyakua spana zamani. Kuna sababu ya kiutendaji ya subira hii, mbali na ile ya malezi: mshauri hatakuwa pamoja na timu katika mechi inayofuata wala katika mashindano yajayo, na kiungo kilichokazwa na mgeni hakijulikani na yeyote aliyebaki kwenye banda la timu, pale roboti inapotengenezewa kati ya mechi. Nimeona wanafunzi waliokaza boliti ile chini ya macho yake wakiifanya kuwa kitu cha kwanza cha kukagua kabla ya kila mechi, na mmoja wao akaibandikia alama ya rangi ili kulegea kwake kuonekane kwa jicho.

Huzungumza na mwanafunzi, si na mlezi. Jambo hili linaweza kuonekana dogo, lakini aliyewahi kukaa kwenye mabanda anajua jinsi watu wazima wanavyopenda kusemezana juu ya vichwa vya watoto. Mlezi akijibu swali aliloulizwa mwanafunzi, mshauri husikiliza kwa heshima, humshukuru, kisha hulirudisha swali lilelile kwa mwanafunzi aliyeunganisha waya au aliyeandika programu. Katika timu nyingi mwanafunzi huyo ndiye mkimya kuliko wote, amesimama nyuma ya wenzake, na ndiye pekee anayejua kwamba asubuhi kebo ya mtandao ilibadilishwa. Adabu hii inalingana na ile dhana ya weledi wenye utu, yaani kushindana kwa bidii huku ukimheshimu mwenzako, ambayo Woodie Flowers, profesa wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts aliyefariki mwaka 2019, aliipigania hadi ikawa msingi wa mashindano haya. Ni rahisi kuinukuu dhana hiyo kwenye mabango. Ni kazi kuitekeleza saa kumi jioni, mechi zimechelewa na timu nne zinakuita kwa pamoja.

Kuhusu usawa, sina lawama. Timu changa iliyokuja na roboti isiyo na chochote zaidi ya magurudumu hupata muda uleule na umakini uleule unaopewa timu yenye historia ya vikombe. Wakati mwingine timu changa hupata zaidi, na nadhani hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu timu kongwe ina wahandisi wake na vipuri vyake, ilhali timu changa ina kitabu cha maelekezo na hofu. Asubuhi ya siku ya kwanza, timu zinapopanga foleni kuweka mipangilio ya redio zao kwa ajili ya mtandao wa mashindano hayo, yeye hupita kwenye mabanda ya timu za mwaka wa kwanza bila kuitwa. Huuliza kama redio inapata umeme mahali panaporuhusiwa na kanuni, kama vipande vya chuma vilivyotokana na kutoboa fremu vimefagiliwa kutoka kwenye vifaa vya umeme, na kama kuna anayejua kusoma taa za roboRIO. Ni maswali matatu ya kawaida kabisa, lakini ndiyo yanayotenganisha timu itakayocheza mechi zake na timu itakayosimama katikati ya uwanja ikitazamwa.

Ujuzi wake haukusimama mahali pamoja, na hili nalitaja kwa sababu huduma za kujitolea huponzwa mara nyingi na mtu aliyejua sana zamani. Mfumo wa udhibiti wa mashindano haya umebadilika kila baada ya miaka kadhaa. Redio mpya inayotumia masafa ya gigahezi 6 ilipoingia katika msimu wa 2025, timu nyingi zilifika uwanjani zikiwa na mazoea ya redio ya zamani: pa kuchomeka kebo, namna ya kuipa umeme, maana ya kila taa. Yeye alikuwa amekwisha kuifanyia majaribio nyumbani kwake kabla msimu haujaanza, kwa muda wake na kwa gharama yake, na alikuja na karatasi moja yenye michoro aliyoichora kwa mkono, akaiacha izungushwe kwenye mabanda. Michoro ile haikuwa mizuri kwa macho. Ilisomeka, na hilo ndilo lililohitajika.

Sasa niseme kasoro, maana tathmini isiyo na kasoro huwa ni tangazo.

Kwanza, mshauri huyu hana utaratibu unaoonekana wa foleni. Anajua kichwani mwake nani anacheza mechi ipi na kwa hiyo nani ahudumiwe kwanza, na mara nyingi uamuzi wake ni sahihi, lakini timu iliyosubiri haioni hesabu hiyo. Inaona tu kwamba mtu amewapita akaenda kwa jirani. Ubao mdogo wenye namba za timu na za mechi zao ungeondoa manung'uniko yote. Pili, hapumziki. Chakula cha washiriki wa kujitolea hupoa kikimsubiri, na ifikapo alasiri ya siku ya mwisho sauti yake imekwisha na maswali yake yamekuwa mafupi hadi mwanafunzi asiyemfahamu anaweza kudhani amekasirikiwa. Najua wapo wanaoona kutokula kuwa ndio uaminifu wenyewe. Mimi naona ni hatari kwa huduma, kwa sababu mechi za mtoano, ambazo ndizo zenye uzito kuliko zote, huja wakati amechoka kuliko wakati mwingine wowote.

Kasoro ya tatu si yake peke yake, nayo inanisumbua zaidi. Ujuzi mwingi wa huduma hii unakaa ndani ya mtu mmoja. Katika mashindano ambayo hakuwepo, waratibu walimweka mtu mwenye nia njema na elimu ya kutosha, aliyepita mafunzo yaliyotakiwa, lakini ambaye hakuwa amewahi kukaa pembeni ya uwanja na kutazama hitilafu kwa mamia. Alifungua vitabu, akasaidia alipoweza, na timu kadhaa zikacheza mechi zikiwa zimelemaa. Siwezi kumlaumu mtu huyo, na tena namshukuru kwa kukubali kazi ambayo wengi huikimbia. Lawama iko katika mpango unaosubiri mzoefu akosekane ndipo utafute wa kumrithi. Mshauri wetu mwenyewe alianza kulishughulikia jambo hili kwa kuomba apewe msaidizi kijana, aliyekuwa mwanafunzi wa timu moja miaka michache iliyopita, akawa anamtanguliza kwenye mabanda na yeye kusimama nyuma. Kwa kweli ilikuwa burudani kumtazama akimfanyia msaidizi wake kile anachowafanyia wanafunzi: mikono nyuma, kimya, akisubiri kijana auone mwenyewe waya uliochomoka.

Mtu anaweza kuuliza kama kweli huduma hii inastahili sifa zote hizi, ikiwa kila mashindano yana washauri wa aina hii na wote wanatakiwa kufanya kazi ileile. Jibu langu ni kwamba nafasi ni moja, ila namna ya kuijaza hutofautiana sana. Wapo washauri hodari ambao hutatua tatizo haraka kuliko huyu: huinama, huchomoa, huchomeka, hutabasamu, huondoka, na roboti hutembea. Timu inayohitaji kuingia uwanjani baada ya dakika 3 itamshukuru mtu wa namna hiyo, na ni haki yake. Huyu wetu, saa ya dharura ikifika, naye hujua kufupisha maswali na kutoa agizo moja tu: badilisheni kebo hii, nendeni. Tofauti inaonekana baada ya mechi, kwa sababu hurudi. Huja kwenye banda dharura ikiwa imepita, akaomba ile kebo iliyoondolewa, akawapa wanafunzi kipimo cha umeme watafute wenyewe mahali ilipokatika. Kurudi huko hakumo katika maelezo ya kazi yoyote niliyowahi kusoma.

Kuhusu kutambuliwa, mashindano haya yana tuzo nyingi, na mojawapo ya zinazoheshimika zaidi ni ile yenye jina la Woodie Flowers, iliyoanza mwaka 1996, ambayo huwaendea walezi wa timu na ambayo wanafunzi wenyewe ndio huandika insha ya kumpendekeza mlezi wao. Ipo pia tuzo ya mshiriki bora wa kujitolea inayotolewa katika mashindano ya ngazi ya chini. Kwa maoni yangu tuzo hii ya pili haipewi uzito unaoistahili na sisi walezi. Tunasubiri waratibu waone, na waratibu, ambao nao wana moto wao wa kuzima, huona wale wanaofanya kazi mbele ya kipaza sauti. Mtu anayechuchumaa kwenye banda akiwa na tochi hana wa kumsemea isipokuwa timu alizozisaidia. Kwa hiyo natoa rai kwa kila mlezi atakayesoma hapa: kabla ya kufunga masanduku ya vifaa, wanafunzi wako waandike ukurasa mmoja kwa waratibu, waeleze hitilafu ilikuwa nini, waliulizwa maswali gani, na wao wenyewe walifanya nini. Maelezo ya namna hiyo yana nguvu kuliko neno la ahsante lililoandikwa kwenye kadi, na humsaidia mratibu kujua ni nani amwite tena msimu ujao na ni nani amwekee msaidizi.

Kama ningetakiwa kutoa alama, ningeipa huduma hii alama ya juu kabisa kwa ubora wa uchunguzi, kwa usawa na kwa jinsi inavyomwacha mwanafunzi akiwa ndiye mwenye roboti. Ningepunguza kidogo kwa utaratibu wa foleni, na ningepunguza tena kwa mshauri kujinyima mapumziko, nikijua kwamba hili la mwisho atalipinga.

Timu itakayobahatika kumpata ifike imejiandaa, maana muda wake ni wa timu zote. Apelekewe kompyuta iliyotumika katika mechi yenyewe, si nyingine, ikiwa na kumbukumbu ambazo hazijafutwa na chaji ya kutosha. Aende mwanafunzi aliyeunganisha waya na aliyeandika programu, wote wawili, pamoja na yule aliyekuwa akiendesha, kwa sababu yeye ndiye aliyeona roboti ilivyosimama. Roboti iachwe kama ilivyotoka uwanjani. Ukiizima na kuiwasha kabla hajafika, taa ambazo zingemweleza kila kitu zitakuwa zimebadilika. Betri iliyotumika katika mechi hiyo iwekwe kando na kuwekewa alama, isirudishwe kwenye chaja pamoja na nyingine. Na mlezi, akiweza, aende kumletea maji ya kunywa.